Vifaa na zana za kidijitali za saluni ya nywele

Vifaa vya saluni ya nywele ni mashine, samani, mifumo ya umeme na maji, pamoja na programu za simu na kompyuta zinazotumika kuosha, kukausha, kusuka, kunyoa na kupaka nywele rangi, na kuendesha biashara ya kazi hizo. Makala hii inahusu hasa saluni ndogo na za kati za Tanzania na Kenya, za kike na za kiume, ambazo nyingi huendeshwa na mwenye mali pamoja na wasusi au vinyozi wachache wanaolipwa kwa kamisheni.

Saluni huuza ustadi wa mikono na muda. Hasara zake huingia kwa milango mitatu: kichwa cha mteja kinachoumia, kiti kinachokaa bure, na fedha isiyofika kwenye hesabu. Kifaa chochote, kiwe sinki au programu ya miadi, kinastahili kununuliwa kwa kadiri kinavyofunga mmojawapo wa milango hiyo. Kwa sababu hiyo umeme na maji hutangulia, vifaa vya kazi na usafi hufuata, na zana za kidijitali huja juu ya msingi huo.

## Historia fupi

Kwa muda mrefu nywele zilisukwa nyumbani, anayesukwa akiwa ameketi mkekani mbele ya msusi, na vifaa vikiwa kitana, uzi na mafuta. Kinyozi alifanya kazi barazani au chini ya mti kwa wembe na mkasi. Mashine zilianzia Ulaya na Marekani. Karl Nessler, Mjerumani aliyefanya kazi London, alionyesha hadharani mwanzoni mwa karne ya 20 mtambo wake wa kutia nywele mawimbi ya kudumu. Leo Wahl wa Sterling, Illinois, alianza mwaka 1919 kutengeneza mashine ya kunyolea inayoendeshwa kwa sumaku-umeme. Mwaka 1928 Marjorie Joyner, Mmarekani mweusi aliyefanya kazi katika kampuni iliyoasisiwa na Madam C. J. Walker, alipata hataza ya mtambo wake wa mawimbi.

Mapinduzi ya pili yalikuja kupitia simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na WhatsApp Business ikatoka mwaka 2018. Leo mtu huona msuko Instagram au TikTok, huuliza bei kwa WhatsApp na hulipa kwa simu, hata kama saluni yenyewe haina kompyuta.

## Umeme

Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni volti 240, yote kwa masafa ya hezi 50. Mashine za kunyolea zinazotumwa na ndugu walioko Marekani huwa zimetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi masafa. Mashine ya sumaku-umeme hupiga mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, hivyo iliyokusudiwa mapigo 7,200 kwa dakika hushuka hadi 6,000, ikapungua nguvu na kukwama kwenye nywele nzito. Ni salama zaidi kununua iliyoandikwa 220–240 V, 50 Hz, au ya betri ya lithiamu ambayo chaja yake inapokea volti 100 hadi 240.

Draya ya mkono hutumia kwa kawaida wati 1,200 hadi 2,000, draya ya kofia karibu 1,000, birika la umeme la kuchemshia maji ya kuchovya rasta (misuko ya nywele za bandia) karibu 2,000, na hita ya maji ya papo kwa papo 3,500 hadi 5,500. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 hubeba wati 2,990 tu. Draya ya mkono na birika vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja hufika wati 4,000, na waya huanza kupata moto kabla ya mtu yeyote kuona moshi. Hita inahitaji waya wake mnene na swichi yake, na kila kifaa cha karibu na maji kinahitaji waya wa ardhi pamoja na swichi inayokata umeme unapovuja.

Matumizi hukadiriwa kwa urahisi: wati zidisha kwa saa, kisha gawanya kwa 1,000. Draya ya wati 2,000 inayofanya kazi kwa saa tatu hula uniti 6 za LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania. Kwa siku ambazo umeme hukatika, betri ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi takriban wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya asidi inafaa kutumia nusu tu ili idumu. Hiyo inatosha taa, modemu na mashine za kunyolea kwa saa nyingi, lakini haitoshi draya. Saluni inayotegemea draya huhitaji jenereta, au ipange kazi za kusuka kwa saa zisizo na umeme.

## Maji

Dawa ya kulainisha nywele yenye sodiamu haidroksaidi ina pH kati ya 12 na 14, na hubidi ioshwe yote kwa wakati wake. Maji yakikatika dawa ikiwa kichwani, ngozi huungua na nywele hukatika. Ndiyo maana tenki la akiba lina umuhimu kuliko kiti cha bei kubwa. Tenki likiinuliwa, kila mita ya kimo huongeza shinikizo la karibu bari 0.1. Hita za papo kwa papo huhitaji kiwango cha chini cha shinikizo ili zifanye kazi, na kipimo hicho husomwa kwenye maelezo ya kifaa kabla ya kulipa.

Katika maeneo mengi ya Dar es Salaam na Mombasa maji ya kisima yana chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri na ukoko mweupe huziba hita na mashine ya mvuke. Saluni za pwani hufanya vyema kutenga maji baridi yasiyo na chumvi kwa ajili ya suuzo la mwisho na kwa mashine za mvuke. Kwa nywele zilizowekwa dawa, shampuu ya kuzimua yenye rangi ya ishara ni msaada mkubwa kwa bei ndogo: povu hubaki la waridi mpaka dawa imalizike kutoka, kisha huwa jeupe.

## Vifaa vya kazi

Kiti cha kinyozi hulazwa nyuma na kuinuliwa kwa pampu ya mafuta, ilhali kiti cha msusi huhitaji zaidi mgongo mfupi unaoacha shingo na mabega wazi. Msusi wa rasta hukaa au kusimama saa nyingi mfululizo, kwa hiyo kigoda chake chenye magurudumu na kimo kinachorekebishwa kinalinda mgongo wake na uwezo wake wa kufanya kazi kwa miaka. Sinki hujaribiwa kwa kulalia: shingo ikining'inia au ukingo ukibana, mteja hatarudi kuoshwa hapo.

Pasi ya nywele nzuri huonyesha nyuzijoto na kuzishikilia. Nyingi hufika selisiasi 230, joto linalofaa nywele chache sana, na nywele nyembamba au zilizopakwa rangi zinahitaji kiwango cha chini zaidi. Pasi isiyo na kidhibiti humwachia msusi kukisia, na makosa yake hayarekebishiki.

Mizani ndogo ya kidijitali inayopima gramu moja moja ni miongoni mwa vifaa vinavyorudisha fedha haraka kuliko vyote. Rangi huchanganywa na krimu ya oksijeni kwa uwiano, kama 1:1, 1:1.5 au 1:2, na krimu hiyo huja kwa nguvu tofauti, kwa mfano asilimia 6, 9 na 12. Anayepima hatupi mchanganyiko uliobaki, na akiandika gramu alizotumia ataipata rangi ileile mteja akirudi baada ya miezi miwili.

## Usafi

Mapunye husambaa kwa vitana, taulo na mashine za kunyolea. Palipo na damu, homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kwenye wembe. Wembe hutumika kwa mtu mmoja na kutupwa. Meno ya mashine hupigwa brashi kuondoa nywele, kisha hupakwa spiriti ya asilimia 70, ambayo huua vijidudu vizuri kuliko spiriti kali zaidi kwa kuwa maji yaliyomo huisaidia kupenya.

Masanduku ya taa ya buluu yanayouzwa kama mashine za kuua vijidudu yanahitaji tahadhari. Mionzi ya urujuanimno hufika mahali inapoangukia tu. Kitana chenye nywele na mafuta, au mkasi uliofungwa, hubaki na vijidudu kwenye kivuli chake hata ukikaa humo siku nzima. Sanduku hilo linafaa kuhifadhia vifaa vilivyokwisha kuoshwa na kutakaswa. Kinachotakasa chuma kikamilifu ni mvuke wa shinikizo, kwa kawaida selisiasi 121 kwa angalau dakika 15.

## Miadi na kalenda

Programu kama Fresha, Booksy na Vagaro huunganisha kalenda, kumbukumbu za wateja, malipo na takwimu. Zilibuniwa katika mazingira ambamo mteja mmoja huhudumiwa na mtu mmoja na hulipa kwa kadi. Saluni ya Afrika Mashariki ina mahitaji mengine, na programu inapaswa kujaribiwa kwa kazi halisi ya siku moja.

Jaribio la kwanza ni rasta. Kichwa kimoja kinaweza kuchukua saa nne hadi nane, na wateja wenye haraka husukwa na watu wawili au watatu kwa pamoja. Kalenda isiyoweza kufunga muda wa wasusi watatu kwa mteja mmoja itaahidi watu ambao hawapo. Jaribio la pili ni muda wa kusubiri: mteja aliye chini ya draya ya kofia hahitaji mikono ya msusi, na kalenda nzuri huruhusu kazi fupi kuingia hapo. Jaribio la tatu ni wanaokuja bila miadi, ambao kwa kinyozi ndio wengi, na wanahitaji foleni inayoonekana kuliko kalenda.

Kwa saluni ya viti viwili au vitatu, WhatsApp Business mara nyingi inatosha: ina katalogi ya mitindo na bei, majibu ya haraka, ujumbe wa saa za kufungwa na lebo za kutenganisha waliolipa advansi na wasiolipa. Advansi kwa kazi ndefu, pamoja na ujumbe wa kukumbusha siku moja kabla, hupunguza viti vinavyokaa bure. Ujumbe huohuo unaweza kumwita mteja wa rangi kwa kipimo cha mzio, ambacho hufanywa saa 48 kabla ya kupaka.

## Malipo, kamisheni na kodi

Fedha ya saluni iingie kwenye namba ya biashara: Lipa Namba kwa Tanzania, Till ya Lipa Na M-Pesa kwa Kenya. Namba binafsi ya msusi au ya mwenye saluni huchanganya mapato na matumizi ya nyumbani na kuzaa ugomvi usio na ushahidi. Bango la namba lenye msimbo wa QR huwekwa mahali mteja anapolipia, na jina linalotokea kwenye simu yake linapaswa kuwa la saluni.

Kamisheni ndiyo hesabu inayovunja saluni nyingi. Chukua huduma ya shilingi 40,000 iliyotumia dawa ya shilingi 10,000, msusi akiwa anapata asilimia 40. Ikihesabiwa kwa bei yote atapata 16,000. Ikihesabiwa baada ya kuondoa dawa atapata 12,000. Njia zote mbili ni halali iwapo zimekubaliwa mapema. Programu ichaguliwe inayoweza kufuata makubaliano hayo na kumwonyesha kila msusi kazi zake za siku kabla hajaondoka. Daftari la mistari linalojazwa mbele ya wote ni bora kuliko programu ambayo mwenye saluni peke yake ndiye anayeiona.

Kwa kodi, Tanzania ilianza kutumia mashine za EFD za kutoa risiti za kodi mwaka 2010, na sasa risiti inaweza pia kutolewa kwa mfumo wa programu. Kenya hutumia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, na kuanzia 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo huo haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato. Mfumo wa mauzo unaoungana na mfumo wa kodi huepusha kuandika mauzo yaleyale mara mbili.

## Taarifa na faragha

Kadi ya mteja hubeba jina, simu, michanganyiko ya rangi, na pengine mzio au ugonjwa wa ngozi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Kishikwambi cha saluni kiwe na nenosiri, na msusi anayeacha kazi afungiwe akaunti siku hiyohiyo.

Picha zinahitaji uangalifu wa pekee. Zanzibar, Mombasa na Lamu, wanawake wengi hufunua nywele saluni kwa sababu hakuna mwanamume anayeingia. Kamera ya ulinzi katika chumba hicho, au video fupi ya TikTok inayomnasa aliyeketi nyuma, humvunjia mtu stara yake. Kamera ielekezwe mlangoni na kwenye kaunta, picha ipigwe kwa ridhaa ya anayepigwa, na simu zizuiwe katika eneo la kuosha.

## Ununuzi na matunzo

Kariakoo jijini Dar es Salaam na Dubois Road jijini Nairobi ni masoko mashuhuri ya bidhaa za saluni. Kabla ya kulipa, kifaa kiwashwe dukani kwa dakika kadhaa, lebo ya wati na volti isomwe, na muuzaji aulizwe vipuri: meno ya mashine, pampu ya kiti, kipashajoto cha draya. Mashine ya bei nafuu isiyo na vipuri hununuliwa mara mbili.

Programu nayo ikaguliwe hivyo. Je, inafanya kazi mtandao ukikatika? Je, ada hutozwa kwa mwezi au kwa kila msusi? Je, orodha ya wateja inaweza kutolewa kama faili la Excel siku saluni ikihama? Isiyoruhusu kutoa taarifa inamiliki wateja wa mwenzake. Majaribio ya bure yatumike na wasusi wenyewe, kwa sababu wao ndio watakaoandika kila huduma mikono ikiwa na mafuta na mteja mwingine akisubiri. Programu inayowachelewesha itaachwa, na hesabu zitarudi kukisiwa.

Matunzo hugharimu kidogo: mafuta tone moja kwenye meno ya mashine kila siku, chujio la draya lisafishwe nywele kila wiki, waya ulioanza kuchubuka uondolewe mara moja, nakala ya taarifa ihifadhiwe nje ya simu. Kazi hizi zinahitaji jina la mtu anayewajibika nazo, na zihesabiwe kuwa sehemu ya ajira yake.