Uwakili ulipofundwa mezani: kutoka ofisi ya Moshi hadi Shule ya Sheria

Matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, yaani Shule ya Sheria, yaliyojulikana Oktoba 2022 bado yanatajwa kila wanasheria wanapokutana. Wanafunzi walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaambiwa safari yao imeishia hapo. Kelele zilipanda mitandaoni na kwenye vyombo vya habari, hadi aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, Dk Damas Ndumbaro, akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dk Harrison Mwakyembe.

Lawama zikagawanywa. Waliolaumu vyuo vikuu walisema vinapitisha wanafunzi wasioiva. Wapo walioilaumu Taasisi yenyewe, na wapo waliosema tatizo ni Kiingereza. Katika mabishano yote hayo, walioulizia ofisi ya wakili walikuwa wachache mno. Hapo ndipo mtu hujifunza kumsikiliza mteja, kuandika hati ya madai isiyotupwa nje kwa kasoro, kutunza fedha za watu na kujua karani wa mahakama anataka nini kabla ya kupokea jalada. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, uwakili umefundwa mezani, pembeni ya mtu anayeujua. Sisi tumeishi na taaluma hii zaidi ya miaka mia moja, na suala la meza hiyo hatujalimaliza.

Sheria za Uingereza ziliingizwa rasmi Tanganyika mwaka 1920, na mawakili wakaja pamoja nazo. Walikuwa Wazungu na Waasia, na vyeti vyao walikuwa wamevipata London au India. Mwafrika aliyetaka kazi hiyo hakuwa na chuo cha kuiendea hapa nyumbani, na kupata udhamini wa serikali ilikuwa shida juu ya shida. Wakoloni wa Afrika Mashariki walikuwa tayari kusomesha walimu, matabibu na mabwana shamba. Mwanasheria waliona atarudi mwanasiasa.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Mkenya, Argwings-Kodhek, mwana wa Gem, Nyanza. Baada ya Makerere na kazi ya ualimu alipelekwa Wales mwaka 1947 kusomea mambo mengine. Akageukia sheria na akapokelewa uwakili kupitia Lincoln's Inn, London. Aliporudi alipewa kazi serikalini kwa theluthi moja ya mshahara wa Mzungu mwenye sifa zilezile. Alikataa, akafungua ofisi yake na kuwatetea walioshtakiwa kwa Mau Mau.

Kwa nini London ilikuwa njia ya wengi? Uingereza ina mawakili wa aina mbili. Yupo wakili wa mahakamani, anayesimama mbele ya jaji. Yupo solisita, wakili wa ofisini, anayemwona mteja kwanza, anayeandaa mikataba, mirathi na hati za ardhi. Solisita alifundwa kwa uanagenzi: kijana alifunga mkataba na wakili mkongwe na kumtumikia, kwa kawaida miaka mitano, au mitatu akiwa na shahada. Ofisi nyingi zilitoza ada ya kumpokea mwanagenzi. Mwafrika aliyetoka Bukoba au Kisumu angempata wapi solisita wa kumpokea, na fedha za kumlipa? Njia iliyobaki ilikuwa ya wakili wa mahakamani: kujiunga na kimojawapo cha vyama vinne vya kale vya London, kufanya mitihani, na kuhudhuria idadi maalumu ya chakula cha jioni katika ukumbi wa chama. Ndivyo kanuni zilivyokuwa. Mtu angeweza kufuzu bila kumwona mteja hata mmoja.

Sasa mtu huyo anarudi Afrika Mashariki, ambako mgawanyo huo haupo. Huku wakili ni mmoja. Asubuhi yuko mahakamani, mchana anaandika hati ya kuuza kiwanja, jioni anasuluhisha ndugu waliogombania shamba la baba. Nusu ya kazi hiyo hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote.

Ili kuona kazi hiyo ilihitaji nini, inafaa kwenda Moshi, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mji huo wa kahawa ulikuwa na mawakili wawili weusi waliotoka ng'ambo ya Atlantiki. Mmoja ni Dudley Thompson wa Jamaica, aliyekuja baadaye kuwa mmoja wa watetezi wa Jomo Kenyatta na wenzake Kapenguria. Mwingine ni Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Huyu ndiye aliyefuatwa na Wameru.

Tume ya Jaji Mark Wilson ilikuwa imependekeza ardhi iliyo kati ya Kilimanjaro na Meru ipangwe upya, ili mashamba ya walowezi yawe eneo moja lisilokatika. Wameru wa Ngarenanyuki walikuwa katikati ya mpango huo. Walikataa kuhama. Novemba 1951 serikali ikapeleka askari, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa katika ardhi yao. Simulizi kamili imo katika kitabu The Meru Land Case, kilichoandikwa na Kirilo Japhet pamoja na Seaton mwenyewe na kutolewa mwaka 1967. Makala haya yanakitegemea sana, maana ni nadra nchini mwetu mteja na wakili wake kukaa pamoja na kuandika walichokifanya.

Wameru wangeweza kuchukua mikuki. Walichukua kalamu. Walichanga fedha, mmoja mmoja, kijiji kwa kijiji, na malalamiko yao yakaelekezwa Umoja wa Mataifa, kwa sababu Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, na mdhamini Mwingereza aliwajibika mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York. Mlango huo wa kisheria ulikuwa wazi tangu Vita Kuu ya Pili ilipokwisha. Kuujua ni jambo moja, na kupita ndani yake ni jambo jingine.

Fikirini kazi iliyotakiwa katika ofisi moja ya mkoani, bila maktaba kubwa na bila wasaidizi waliosomea sheria. Maelezo ya watu waliochomewa nyumba yachukuliwe na kupangwa. Historia ya ardhi ifuatiliwe tangu enzi ya Wajerumani, nani alinyang'anywa nini, nani alinunua nini kwa fedha yake halali. Ombi liandikwe kwa lugha ambayo wanadiplomasia hawataweza kuipuuza wala kuikosoa. Kasoro moja ya utaratibu, na Waingereza wangekuwa na sababu ya kuomba shauri lisisikilizwe.

Shauri lilisikilizwa. Mwaka 1952 Seaton alikwenda New York, na Kirilo Japhet akamfuata. Akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo, na kueleza yaliyowapata watu wake. Nyerere alikuwa bado masomoni Edinburgh. Itachukua miaka mitatu zaidi kabla yeye naye hajafika jukwaa hilo, mwaka 1955.

Baraza la Udhamini lilisikitika lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Suala likapelekwa kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, ambako azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita. Lilipofika kwenye mkutano mkuu wenyewe likakosa theluthi mbili ya kura. Kisheria, walishindwa. Kisiasa, habari ya Meru ilienea nchi nzima, na walioanzisha TANU mwaka 1954 walikuwa wameshaona kwamba serikali ya kikoloni inaweza kuitwa mbele ya watu na kujieleza. Mimi ninaamini shauri hili linastahili kufundishwa katika kila chuo cha sheria nchini, mwaka wa kwanza, kabla ya kesi yoyote ya Kiingereza.

Lakini kuna jambo linaloumiza ndani yake. Wameru walipohitaji wakili aliye tayari kusimama nao dhidi ya serikali, mtu huyo alitoka Bermuda. Hakuwapo wakili Mmeru, Mchaga, Msukuma wala Mhaya. Hata mwaka 1958, Nyerere aliposhtakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika Sauti ya TANU, watetezi wake walikuwa D. N. Pritt kutoka Uingereza, akisaidiwa na Rattansey na Jhaveri, mawakili Waasia wa hapa. Watu hawa walijitoa kwa moyo na tunawaheshimu. Nyerere alipigwa faini ya shilingi 3,000. Ila nchi iliyokuwa miaka mitatu tu kabla ya uhuru haikuwa na Mwafrika wa kukaa kwenye meza ya utetezi wa kiongozi wake.

Hali hiyo ndiyo iliyoifanya London ishtuke. Mwaka 1960 iliundwa kamati chini ya Lord Denning, yule jaji mashuhuri, kuangalia elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Kiafrika. Ripoti yake ya Januari 1961 ilikiri waziwazi kwamba mafunzo ya London hayakumwandaa Mwafrika kwa kazi iliyomngoja nyumbani, na ikataka sheria ifundishwe Afrika. Kwa Afrika Mashariki, kitivo kiwe Dar es Salaam.

Oktoba mwaka uleule, wiki chache kabla ya uhuru, kitivo kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wa kwanza walitosha chumba kimoja. Kilikuwa kitivo cha kwanza cha chuo kikuu chetu, kabla ya ualimu, kabla ya sayansi, na kilipokea vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda. Humo alipita Julie Manning, mwanamke wa kwanza kusomea sheria hapo, aliyekuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Humo alipita Joseph Warioba.

Mawakili wa Nairobi hawakufurahi. Wengi wao walikuwa Wazungu na Waasia waliolelewa katika uanagenzi, na waliamini wakili hutengenezwa ofisini. Kenya ikaweka utaratibu wake: Baraza la Elimu ya Sheria, kisha mwaka 1963 Shule ya Sheria ya Kenya, iliyowafundisha makarani waliofungwa kwa mikataba ya miaka mitano katika ofisi za mawakili. Dar es Salaam waliona hiyo ni njia ya kulinda mlango, kwa kuwa mwenye ofisi ndiye anayeamua nani aingie, na wenye ofisi wote tuliwajua ni nani. Nairobi nao waliona Dar inazalisha wanafalsafa wasiojua kufungua jalada.

Kila upande ulikuwa na ukweli wake. Uanagenzi uliotegemea hisani ya mwenye ofisi uliwafungia nje watoto wa maskini, na Dar ilifanya vema kuuvunja. Lakini Dar ilipouvunja haikujenga kitu cha kutosha mahali pake. Mhitimu alikwenda mafunzoni kwa mwaka mmoja, sanasana katika ofisi za serikali, akahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria la hapa kwetu, na akaomba kwa Jaji Mkuu aingizwe katika daftari la mawakili. Kama aliyemsimamia alikuwa na muda naye, alijifunza. Kama hakuwa na muda, mwaka ulipita akipanga majalada.

Miaka ya Azimio la Arusha ilipunguza tatizo kwa namna yake. Serikali na mashirika ya umma viliwachukua wahitimu karibu wote, na ofisi za mawakili wa kujitegemea zikabaki chache. Soko lilipofunguliwa, wahitimu wakaongezeka na vyuo vikaongezeka. Tume iliyoongozwa na Mark Bomani, Mwanasheria Mkuu wetu wa kwanza Mwafrika, ilieleza mwaka 1996 udhaifu wa sekta nzima ya sheria. Sheria ya kuanzisha Taasisi ilipitishwa mwaka 2007, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 2008. Kenya nayo ilishaacha mikataba ile ya miaka mitano. Leo mhitimu wa huko hupitia Shule ya Sheria na miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua mitano.

Kwetu, mwanafunzi wa Taasisi hukaa darasani kisha hupelekwa mahakamani na katika ofisi za mawakili kwa mazoezi. Kwenye karatasi, ndoa ya Dar na Nairobi imefungwa. Kiutendaji, Taasisi iko Dar es Salaam, mawakili wengi wako Dar es Salaam, na ofisi za Dar es Salaam zimejaa vijana wanaogombania meza. Wakati huohuo migogoro ya ardhi, chanzo cha machozi mengi nchini, iko Kiteto, Kilosa, Mbarali na Loliondo.

Ofisi za mikoani zinazoweza kumfunda kijana zipo. Ziko Moshi, Mwanza, Mbeya, Tabora na Songea, na mara nyingi huongozwa na mawakili waliofanya kila aina ya shauri, kwa kuwa mkoani hakuna anasa ya kuchagua aina moja. Hawalipwi chochote kwa kumfundisha mwanafunzi, na anayejitolea hufanya hivyo kwa mapenzi yake. Taasisi, Baraza la Elimu ya Sheria na Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichotimiza miaka 70 mwaka 2024, vina uwezo wa kuziorodhesha ofisi hizo, kuzikagua, kuwapa wasimamizi posho, na kumlipia chumba kijana anayetoka Dar kwenda Sumbawanga kujifunza kazi. Kati ya wale 265 wa mwaka 2022, ningependa kujua ni wangapi waliwahi kukaa hata mwezi mmoja na wakili aliyesoma rasimu zao mstari kwa mstari na kuwarudishia ziandikwe upya.