Mrija na Darubini: Historia Fupi ya Tiba ya Kichwa Maji katika Nchi za Ziwa

Maradhi yaitwayo kichwa maji, ambayo wengi huyajua kwa jina la kichwa kikubwa, hutokea pale maji ya ubongo yanapokosa njia, yakajaa na kukitanua kichwa cha mtoto mchanga. Jina la kwanza lina hasara yake, maana katika mazungumzo ya kila siku kichwamaji ni mtu asiye na busara. Yafaa tukumbuke kwamba hapa maji yatajwayo ni maji kweli, wala si dosari ya akili.

Katikati ya miaka ya 1950, huko Marekani, fundi John Holter, ambaye mwanawe alizaliwa na maradhi hayo, alitengeneza vali iyapitishayo maji upande mmoja tu. Tangu hapo tiba ya mrija ikaenea. Siku hizi mrija hupitishwa chini ya ngozi toka kichwani hadi tumboni, na darubini nyembamba yaweza kumwonyesha mpasuaji mahali ncha yake ilipofika. Lakini mrija huweza kuziba au kuingiwa na vijidudu. Hapo mtoto hana budi kufikishwa hospitali upesi, la sivyo maisha yake yamo hatarini.

Jambo hili ni zito kwa watu wa Shinyanga na Geita. Bugando, hospitali kubwa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, iko Mwanza. Mzazi wa Shinyanga ana safari ya kilomita 160 hivi. Yule wa machimbo ya dhahabu ya Geita alitegemea kivuko cha Busisi na Kigongo, mpaka daraja lilipofunguliwa Juni 2025. Mrija ulioziba usiku haukungojea kivuko cha asubuhi.

Shida ya umbali namna hiyo ilimkabili pia daktari Benjamin Warf, aliyefika Mbale, Uganda, mwaka 2000. Yeye aliifufua njia ya zamani. Mwaka 1923 William Mixter wa Boston alikwisha kutoboa, kwa kutumia darubini, sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo, ili maji yajipatie njia yenyewe. Warf aliunganisha tundu hilo na kuziunguza nyama laini zitoazo maji, akatangaza matokeo yake mwaka 2005. Watoto wengi waliokoka bila mrija. Wengine waliendelea kuuhitaji.

Basi haitoshi kuuliza ni chombo kipi kilicho kipya. Yapasa kuuliza kwanza mtoto akaa umbali gani na mpasuaji.