Neno Lililofika Mara Mbili

Jioni ya mkesha wa msiba, huko Sigino, Babati, nilikaa viti vya nyuma kabisa, karibu na mahindi. Maturubai yalikuwa mawili, na kila moja lilikuwa na spika yake ya honi juu ya mti, hatua kama 80 kati ya mti na mti. Msemaji wa familia akaanza kusoma wasifu wa marehemu, na kila neno likatufikia mara mbili. "Alizaliwa" ilitoka spika ya karibu. Kabla haijatulia masikioni, "alizaliwa" nyingine ikaja kutoka mbali na kuufunika mwaka uliotajwa. Pembeni yangu alikuwapo mama mzee, dada mkubwa wa marehemu. Aliinamisha kichwa, akaziba sikio moja kwa kiganja, akajaribu na lingine. Mwishowe aliniuliza, "Mwanangu, wamesema nini?" Sikuwa na jibu.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika hewa ya nyuzi 20 sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Hatua 80 ni kama mita 60, nazo huliwa kwa karibu sehemu ya sita ya sekunde, muda wa kutamka silabi moja. Kwa hiyo silabi ya nyuma ilikuwa inaikanyaga ya mbele, sentensi baada ya sentensi. Toka jioni ile nimekuwa nikiifuata nyuma njia ya jambo hili, nijue ni lini watu walianza kuona kwamba sauti nayo ina saa yake.

Nilianzia kwa fundi redio wa mjini Babati. Siku hiyo alikuwa na sabufa ambayo mwenyewe alilalamika kuwa besi imekufa. Fundi alichukua jiwe la redio, la volti moja na nusu, akaligusisha kwenye nyaya za spika ya kwanza. Karatasi ikachomoza nje. Akagusisha ya pili vilevile. Karatasi ikaingia ndani. "Hizi zinapingana," alisema. "Moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta. Besi itatoka wapi?" Akageuza nyaya mbili, akawasha, na mlio ukajaa benchi zima. Kile alichokirekebisha wataalamu hukiita fezi: mawimbi mawili yakienda pamoja huongezana, yakipishana nusu mzunguko huuana.

Wazee wa huku walikulia kwenye chombo ambacho hakikuwa na ugomvi huo. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na kuanzia 1965 ukaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi ya baada ya Uhuru, studio zake ndizo zilizorekodi bendi zetu za muziki wa dansi. Sauti hiyo ilifika vijijini kupitia redio ndogo za transista, zikiwamo za National zilizounganishwa na kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na spika moja tu, yenye karatasi moja. Besi haikuwa nyingi na mlio mwembamba ulikatika mapema, lakini gitaa, sauti ya mwimbaji na tumba vilitoka mahali pamoja kwa wakati mmoja. Nadhani ndiyo maana wengi wanakumbuka maneno ya nyimbo zile neno kwa neno.

Ugomvi huanza spika zinapokuwa mbili kwenye kasha moja: wufa nzito kwa besi, twita nyepesi kwa milio ya juu, na krosova ya kuzigawia kazi. Wufa huwa na kina, hivyo chanzo chake cha sauti kinakaa nyuma kidogo ya twita. Krosova nayo huchelewesha kila mlio kwa kiasi chake. Gonga ngoma mara moja: mlio wa kijiti unakufikia kwanza, mwili wa ngoma unafuata.

Kisa kilicho wazi kuliko vyote ni cha Hollywood, katikati ya miaka ya 1930. John Hilliard na wenzake wa Metro-Goldwyn-Mayer walikuwa wanasikiliza filamu ya Eleanor Powell, mchezaji aliyesifika kwa kupiga sakafu kwa viatu vyenye vyuma. Kila pigo la kiatu lilisikika mara mbili. Honi ya besi ilikuwa ndefu kuliko ya milio ya juu kwa kama futi 8, na kila futi ilikula karibu milisekunde moja. Waliufupisha mkondo wa besi hadi vyanzo viwili vikakaribiana, na mwaka 1936 mfumo huo, uliokuja kuitwa kwa jina la Douglas Shearer, ukapewa tuzo ya kiufundi ya Academy.

Kumbe miaka hiyohiyo, huku kwetu, kulikuwa na watu waliohangaika na saa ya sauti kwa namna yao. Pale Vugiri, milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu, wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Picha ilikuwa kwenye mkanda wa milimita 16, maneno kwenye sahani za santuri. Katika mfumo kama huo, sindano ikiruka mfuo mmoja tu, maneno yanaitangulia picha.

Wanasayansi walikuwa wameshagombana kabla yao. Mwaka 1843 Georg Simon Ohm alisema sikio huichambua sauti kuwa milio sahili. August Seebeck, aliyefanya majaribio kwa king'ora, alimpinga. Hermann von Helmholtz akamuunga mkono Ohm katika kitabu chake cha 1863, akaongeza kwamba sikio halijali fezi za milio hiyo, na kauli hiyo ikatawala muda mrefu. Miaka ya 1970 wapenzi wa sauti wakaamka upya. B&W ya Uingereza walitoa DM6 mwaka 1976, uso wake umepinda ili twita irudi nyuma. Richard Vandersteen na Jim Thiel wakafuata njia hiyo Marekani. Mwaka 1981 Peter Walker wa Quad alitoa ESL-63, ambayo sauti yake huanzia katikati na kuenea kwa duara, kama inatoka nukta moja nyuma ya spika. Lakini mwaka 1978 Blauert na Laws walipima na kukuta kwamba katika hezi 2,000 sikio huanza kugundua ucheleweshaji kwenye milisekunde 1 hivi. Spika nyingi nzuri haziufikii.

Namheshimu Walker, na sioni ubaya mtu kuijali milisekunde moja sebuleni kwake. Kinachoniuma ni kwamba elimu ya 1936 haijafika msibani. Kule sebuleni inabishaniwa milisekunde moja; huku mama anapoteza 175, na tiba yake ni ngazi na kipande cha kamba. Mwaka 1949 Helmut Haas alionyesha kwamba sauti ya pili ikichelewa chini ya milisekunde 30 hivi, sikio huiunganisha na ya kwanza na kuisikia kama moja. Hiyo ni mita kama 10.

Asubuhi ya maziko nilimfuata kijana wa mitambo nikamweleza. Hakubisha. Alipanda, akaishusha honi ya mbali, akaifunga kwenye mti wa kwanza chini ya mwenzake, moja ikitazama maturubai na nyingine mahindi. Kisha akatoa jiwe mfukoni, akagusisha nyaya za kila moja, akatega sikio.

Wasifu ukasomwa tena. Msemaji alipofika kwenye kuzaliwa kwa marehemu, mama mzee aliyekuwa pembeni yangu akainua mkono wote na kupaza sauti: "Wa tano! Si wa nne, ni wa tano. Wa nne alikufa mchanga."

Msemaji akanyamaza, akatafuta kalamu, akasahihisha.