Chongqing 1967: Makundi Mawili, Kiongozi Mmoja

Kila ninapofundisha Mapinduzi ya Utamaduni ya China, wanafunzi huniuliza: katika vita vya Chongqing, upande upi ulikuwa wa wanamapinduzi na upi wa wasaliti? Huwajibu kwamba swali hilo ndilo lililowaua vijana wa mji ule.

Mwaka 1966 Mwenyekiti Mao Zedong aliwahimiza vijana kuwashambulia viongozi wa chama waliotuhumiwa kufuata njia ya kibepari. Chongqing, mji wa viwanda kando ya mto Yangtze, uliitika. Mwanzoni mwa 1967 wakuu wa zamani walipong'olewa, likazuka suala la nani ashike nafasi yao. Kundi la "Agosti 15", lenye jina la siku ya maandamano ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chongqing, liliunga mkono utaratibu mpya uliolindwa na jeshi. Wenzao wa jana walioukataa wakajiita "Pinga Hadi Mwisho".

Pande zote mbili zilibeba picha ileile ya Mao na kunukuu maneno yaleyale. Kilichogombewa hasa ni nani atambuliwe kuwa mfuasi wake wa kweli.

Chongqing ilikuwa makao ya serikali wakati wa vita dhidi ya Japani, na viwanda vya silaha vilivyohamishiwa huko vilibaki. Julai 1967, mkewe Mao, Jiang Qing, alipounga mkono kauli ya kushambulia kwa maneno na kujilinda kwa silaha, wafanyakazi wa viwanda hivyo hawakuhitaji kutafuta bunduki mbali. Mizinga na vifaru vikatumika, raia dhidi ya raia.

Leo katika bustani ya Shapingba yapo makaburi zaidi ya 100 ya waliouawa, wengi wao wa "Agosti 15". Walizikwa kama mashujaa. Mwaka 1981 chama kikatamka rasmi kwamba Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa kosa kubwa. Mwaka 2009 serikali ya mji iliyaweka makaburi hayo chini ya hifadhi ya kihistoria.

Vijana wale walikuwa na utii tele. Walichonyang'anywa ni mahakama, vikao na sheria ambavyo vingewaamua bila risasi. Mao hakuweza kushika nafasi ya vyombo hivyo, kwa kuwa kila upande ulikuwa na Mao wake. Tunapofurahia kuona taasisi zikidhalilishwa kwa jina la kiongozi tumpendaye, tujiulize: siku tutakapogombana sisi kwa sisi, nani atatuamua?