Nguvu Bei Gani?

Chukua watu wawili. Mmoja alizaliwa na nguvu za kuinua lori. Mwingine ni mtu wa kawaida kama mimi na wewe, ila ana suti ya chuma inayomwezesha kuinua lori lile lile. Kwenye komiki hakuna shida, maana mwandishi ndiye anayeamua nani atashinda. Shida huanza watu watano wanapokaa kuzunguka meza, kila mmoja na karatasi ya mhusika wake, na hakuna mwandishi wa kuwaamulia. Hapo lazima mtu aulize: nguvu hizi ni bei gani? Na hiyo suti je, ni bei ile ile?

Waundaji wa michezo ya mezani ya masupahiro wamebishana juu ya swali hilo kwa karibu miaka 50. Kama hujawahi kucheza, mambo ni hivi. Kila mchezaji anamuigiza mhusika mmoja. Mtu mmoja, ambaye sisi humwita refa, anaendesha hadithi na kuwachezea maadui wote. Ukitaka kufanya jambo lenye hatari, unarusha dadu, na nambari zilizo kwenye karatasi yako zinasema kama umeweza. Kwa hivyo yule anayeandika sheria za nguvu ndiye anayegawa uwezo wa kufanya mambo, na kama tujuavyo, kugawa uwezo hakujawahi kuwa kazi ya amani.

Mchezo ulioanzisha haya yote ni Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Humo silaha haisumbui kichwa. Unaanza ukiwa mnyonge, unapata dhahabu, unanunua upanga na ngao, kisha unapanda ngazi polepole. Sasa jaribu kuileta sheria hiyo kwa masupahiro. Spider-Man anahangaika na kodi ya nyumba, Bruce Wayne ni tajiri kupindukia. Kama vifaa vinanunuliwa kwa pesa, Bruce ananunua kila kitu siku ya kwanza na mchezo umeisha. Halafu supahiro haanzi mnyonge. Anaanza akiruka angani. Ilibidi watu watafute kipimo kingine, kisicho dhahabu.

Mwaka 1977 Donald Saxman alitoa Superhero: 2044, unaohesabiwa kuwa mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa. Mchezaji aligawa pointi kwenye sifa za mhusika wake, lakini upande wa nguvu zenyewe kitabu kilimwachia refa sehemu kubwa ya kazi. Miaka miwili baadaye vijana wawili, Jeff Dee na Jack Herman, walikuja na Villains and Vigilantes, na jibu lao lilikuwa dadu. Humo mhusika wako ni wewe mwenyewe, na jina lako na mwili wako, halafu unarusha dadu kuona umepewa nguvu zipi. Hata udhaifu wako unatoka kwenye dadu. Msee mmoja anaondoka na uwezo wa kuruka na ngozi isiyopenya risasi, jirani yake anapata kitu ambacho hata hajui atakitumiaje.

Kuna watu wanaoipenda sheria hiyo hadi leo, na nawaelewa. Inakulazimisha kubuni hadithi kutokana na ulichopewa. Pia ni sheria inayosema ukweli kuhusu maisha. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo mtu akiniambia kwamba dadu ya kuzaliwa haina huruma, hana haja ya kunichorea ramani. Lakini mchezo si maisha. Ukikaa masaa manne ukimtazama mwenzako akimaliza kila pigano huku wewe ukishika koti lake, Jumamosi ijayo hurudi.

Mapinduzi yalikuja mwaka 1981 na Champions, wa George MacDonald na Steve Peterson. Hao walisema: dadu isiamue, kila mchezaji apewe bajeti sawa ya pointi, na kila nguvu iwe na bei. Unataka kuruka? Lipa. Unataka kutoa moto mikononi? Lipa. Pointi zimeisha? Chukua shida: adui anayekuwinda, mama wa kulindwa, siri ya jina lako halisi. Kila shida inakuongezea pointi za kutumia.

Ujanja mkubwa zaidi ulikuwa kwenye vifaa. Champions haikuandika orodha moja ya nguvu na nyingine ya silaha. Ilisema silaha ni nguvu tu, ila ina kasoro: unaweza kunyang'anywa. Tazama hesabu ya toleo la 1989. Mwali wa nishati unagharimu pointi 5 kwa kila dadu, kwa hivyo mwali wa dadu 10 ni pointi 50. Ukitoka mwilini mwako, unalipa zote 50. Ukitoka kwenye bunduki inayoonekana na ambayo adui anaweza kukupokonya katikati ya pigano, bei inagawanywa kwa 2, unalipa 25. Ukitoka kwenye suti ya chuma inayoonekana lakini isiyovuliwa kirahisi, unagawa kwa 1.5, unalipa 33. Lile swali la lori likapata jibu hapo: suti ni rahisi kwa sababu si yako kabisa. Unailipia kama mtu anayeishi kwa kitu cha kuazima.

Kampuni ya TSR, iliyochapisha Dungeons & Dragons, ilifuata mwaka 1984 na Marvel Super Heroes, uliobuniwa na Jeff Grubb. Hapa nguvu zilipangwa kwa ngazi zenye majina, kutoka hafifu hadi zile zisizo za dunia hii, na ukirusha dadu ulitazama jedwali moja la rangi: nyeupe umekosa, kisha kijani, njano na nyekundu kwa mafanikio yanayozidi kupanda. Cha kukumbukwa zaidi ni Karma. Ukiokoa watu unaipata, ukitaka kusukuma bahati yako unaitumia, na shujaa akiua mtu anaipoteza yote. Yaani sheria haikuuliza tu una nguvu kiasi gani, iliuliza umezitumia vipi. Mwaka 1987 mchezo huo ukapata kitabu kizima cha nguvu mpya, Ultimate Powers Book, kilichojaa majedwali ya dadu. Bahati nasibu ilikuwa haijafa.

Mwaka 1985 Mayfair Games ilitoa DC Heroes, kazi ya Greg Gorden, na ndani yake kuna hesabu ninayoiona tamu kuliko zote. Utawekaje Batman na Superman kwenye karatasi moja bila nambari za Superman kujaza ukurasa? Gorden alifanya kila pointi moja inayoongezeka izidishe uwezo mara mbili. Mtu wa kawaida ana nguvu 2. Mwenye 3 ana mara mbili ya huyo. Mwenye 12 ana mara 1,024. Uzito, umbali na muda vilipimwa kwa ngazi hizo hizo, kwa hivyo ukitaka kujua utarusha gari hadi wapi, unatoa uzito wa gari kwenye nguvu zako na umbali ndio huo. Kutoa tu, bana. Vifaa navyo vilipewa nambari ya kutegemeka: dadu ikianguka vibaya, kifaa kinazima mkononi mwako. Gorden aliona kwamba adui wa kifaa si mwizi peke yake. Hata ubovu ni adui.

Mwaka 2002 Steve Kenson akaja na Mutants & Masterminds, uliochapishwa na Green Ronin. Toleo lake la 3 linampa mhusika wa kawaida pointi 150 katika kiwango cha 10, kisha linaweka dari: ustadi wako wa kulenga ukijumlishwa na uzito wa pigo lako usizidi 20. Unaweza kuwa mlengaji hodari mwenye ngumi ya wastani, au kinyume chake, lakini huwezi kuwa vyote viwili. Kwenye vifaa, Kenson alitenganisha vitu viwili. Kifaa cha ajabu, kama suti ile, ni nguvu yenye punguzo: kila pointi 5 unasamehewa 1, au 2 kama kinapokonywa kirahisi. Vitu vya kawaida, kama tochi, bastola au gari, ni bei ya kutupa: pointi 1 inakununulia pointi 5 za vifaa. Hutegemewi kuvilia vikipotea.

Sisi tunaocheza Jumamosi tulipoanza kutunga nguvu zetu wenyewe, tuligonga mwamba hapo hapo. Mmoja wetu alitaka shujaa mwenye rungu la babu yake, linalofanya kazi mkononi mwa mtu wa ukoo peke yake. Je, hiyo ni silaha au ni nguvu? Mwizi akiliiba amebeba mti tu, lakini mwenyewe pia amebaki mikono mitupu. Tukampa punguzo la nusu kama Champions inavyosema. Vikao vitatu vikapita bila mtu kuligusa rungu, maana refa aliona haya kumnyang'anya rafiki yake. Mwenye kukimbia kwa kasi, aliyelipa bei kamili kwa miguu yake, akauliza swali la haki kabisa: huyu ananunua vitu nusu bei kwa hatari gani?

Champions yenyewe ilijua hatari hiyo, ndiyo maana inasisitiza kwamba kasoro isiyokukwaza haistahili pointi hata moja. Lakini sheria inamtegemea refa awe mkali, na marefa wengi ni watu wapole. Mutants & Masterminds ina njia ya pili: lipa bei kamili mwanzoni, halafu siku refa atakapokupokonya kifaa, akulipe pointi ya shujaa papo hapo, uitumie kujinasua. Tulihamia huko. Sasa refa haoni haya, na mwenye rungu anaomba mwenyewe liibwe, kwa sababu kuibwa kunalipa.

Ukilinganisha njia hizi mbili utaona zinatofautiana kuhusu hasara. Moja inakulipa leo kwa shida ambayo huenda isije. Nyingine inakulipa shida ikishakuja. Ya kwanza inafanana na mkopo, ya pili inafanana na harambee ya hospitali. Waliowahi kuishi kwa zote mbili wanajua ipi huacha watu wakiwa bado wanaongea.

Mwaka 2016 ukatoka Masks, wa Brendan Conway, kuhusu masupahiro ambao bado ni vijana, na bei za nguvu zikawekwa kando kabisa. Nambari zilizo kwenye karatasi yako zinapima unavyojiona, na wakubwa wakikuambia wewe ni nani, nambari hizo zinasogea. Ni jibu zuri, lakini silioni likifunga mjadala. Kwenye meza yetu bado kuna rungu, bado kuna mkimbiaji, na kila mhusika mpya akija, kabla hajapewa jina, kuna mtu atauliza: hiyo unayo, au umeishika tu?