Mali ya cheo na mali ya jasho: Kisangani tangu mwaka wa 1973

Wengi wetu tumesikia wazee wakitaja «zairianisation». Siku ya 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza ya kwamba magazini, mashamba makubwa na biashara nyingine za wageni zitapewa wana inchi. Hapa Kisangani, magazini ya Wagiriki na ya Wahindi yakaingia mikononi mwa wale walioitwa «acquéreurs». Wengi wao walipata kwa sababu ya cheo. Waliuza vitu walivyokuta ndani, wakala feza, wala hawakujua njia ya kuagiza vingine. Magazini yakabaki matupu. Mwisho wa mwaka wa 1974, Mobutu aliporudi toka China na Korea ya Kaskazini, serikali ikajitwalia hata makampuni makubwa. Mwaka wa 1975 na wa 1976 ikaanza kurudishia wenyewe.

Serikali ile haikuwa ya kikomunisti, tuseme wazi. Lakini matunda yalifanana. Katika Urusi, baada ya 1991, makampuni makubwa ya serikali yaliangukia watu wachache, rafiki za wakubwa. Poland ilianza na wadogo: sheria ya Desemba 1988 iliruhusu watu wote kufanya biashara, ukomunisti ungali haujaanguka.

Kisangani nayo ilikuwa na wadogo wake. Bibi Janet MacGaffey, aliyechunguza biashara ya mji huu karibu na mwaka wa 1980, alikuta wachuuzi wasio na cheo chochote serikalini, na kati yao wanawake waliopeleka mchele na maharagwe Kinshasa kwa njia ya mto. Kisha vita vikaja, magari yakakosa, na vijana wakabeba watu nyuma ya kinga. Wakaitwa «toleka», ni kusema kwa Lingala: tupite. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku 6 katikati ya mji. Toleka wakarudi barabarani.

Papa Yohane Paulo II, aliyetutembelea Mei 1980, alifundisha katika Sollicitudo rei socialis (1987) ya kwamba mtu ana haki ya kuanzisha kazi yake mwenyewe. Katika Centesimus annus (1991) aliongeza: uhuru huo uwe ndani ya sheria yenye kulinda mtu. Sisi mapadri twapenda kuhubiri neno la kwanza. La pili twalisahau upesi. Siku ya Mungu twamwambia kijana wa kinga ajitegemee, naye amejitegemea tangu utoto. Pengine ndiye katekista wetu.