Nguo za Msafiri Katika Ngoma za Jioni

  Bwana mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: shuka, doti, sare. Tutayatumia yote.

Leo tutazungumza juu ya nguo anazovaa msafiri aendapo kutazama ngoma jioni, nje, penye uwanja. Labda mmoja wenu atauliza, "Je, nguo nazo ni historia?" Naam. Sikilizeni.

Katika Wilaya ya Kilosa, ambamo mji wa Mikumi umo, wakati mzuri wa ngoma ni baada ya mavuno, mvua zikiisha kukatika. Mchana jua huwaka, lakini usiku wa Juni na Julai una baridi, hasa upande wa milima ya Usagara. Watu huko ni wa makabila mengi: Wasagara, Wakaguru, Wavidunda, na wafugaji Waparakuyo. Wengine walitoka mbali kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Basi mgeni akiingia uwanjani hutazamwa. Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutuzwa." Asiye kwao, kwanza huangaliwa amevaa nini.

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kabla ya reli, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Usagara. Mwaka 1871 Stanley alipita huko akimtafuta Livingstone. Alivuka mbuga ya Mkata iliyojaa maji, kisha akafuata bonde la Mto Mkondoa. Wapagazi walibeba mizigo mingi ya nguo, kwa sababu nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Kwa nguo walinunua chakula, na kwa nguo walilipa hongo kwa wakubwa wa nchi. Nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliitwa merikani, maana ilitoka Marekani. Nguo ya rangi ya nili iliitwa kaniki. Kipimo cha mikono minne kiliitwa shuka, na mikono minane iliitwa doti. Hata leo mama akienda dukani husema, "Nipe doti ya kanga."

Lakini nguo ilikuwa pia alama ya kumtambulisha mtu. Huko Unguja, zamani za utumwa, mtumwa mwanamume hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu. Wanawake watumwa walivaa merikani na kaniki. Mtu akitokea penye mkutano au ngoma, watu walijua mara moja kama ni bwana au ni mtumwa, kabla hajafungua kinywa. Fikirini uchungu wa jambo hilo.

Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Watu waliopata uhuru walifanya nini? Wengi walibadili nguo. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliacha kaniki wakanunua kanga, nguo mpya yenye maua na rangi iliyokuwa imeanza pwani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwanamke aliyejitanda kanga jioni uwanjani alikuwa akisema, "Mimi si mtumwa wa mtu."

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Gari la moshi lilileta watu, nguo na ngoma. Mojawapo ilikuwa beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaenea sana bara wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 pamoja na askari na wapagazi wa jeshi. Wachezaji wa beni walivaa sare kama maofisa, wakapanga vyeo vyao wenyewe. Vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa nguo na kwa mwendo. Mtu aliyetumwa kama mtoto mchana kutwa, jioni alikuwa ofisa.

Baada ya uhuru, mwaka 1962, Serikali ya Tanganyika iliunda wizara ya utamaduni ili ngoma zetu zirudishiwe heshima. Lakini ubishi wa nguo haukuisha. Mwaka 1969 Vijana wa TANU walianza Operesheni Vijana, wakakataza nguo fupi sana na za kubana. Katika miaka ile ile Wamasai waliamriwa kuacha mavazi yao na kuvaa suruali. Leo shuka ya Kimasai inavaliwa kwa fahari. Mnaona? Swali lilikuwa ni lile lile: nani ana haki ya kumchagulia mtu mzima nguo yake?

Sasa, ninyi mtakaosafiri kwenda Kilosa au Mikumi, fanyeni hivi. Kwanza, chukueni shuka au kanga ya kujitanda. Inazuia baridi, na kwa wazee inaonyesha heshima. Pili, vaeni mikono mirefu na nguo ndefu, kwa kuwa mbu wa malaria huuma usiku. Tatu, kama mtapita mchana karibu na Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, msivae nguo za buluu au nyeusi, maana mbung'o huzifuata rangi hizo. Nne, vaeni viatu vya kufunika miguu, kwa sababu ya miiba na nyoka gizani. Na mkiona akina mama wamevaa kanga za namna moja, hiyo ni sare ya kikundi chao. Msikae kati yao kabla ya kukaribishwa.

Neno la mwisho ni kwa akina mama. Kanga ina maandishi. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi mnazojifunza. Mengine ni ya upendo, mengine ni mafumbo ya kumchoma jirani. Asiyejua kusoma huchagua rangi tu. Anaweza kwenda ugenini akavaa tusi mgongoni asijue, na watu wakamchekea pembeni. Mababu zetu walinyimwa haki ya kuchagua nguo. Wewe unayo. Basi isome nguo yako kabla ya kuilipia.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Doti moja ilikuwa mikono mingapi?
2. Kwa nini watu waliopata uhuru walibadili nguo?
3. Soma maneno ya kanga moja iliyomo darasani. Je, ungependa kuivaa ugenini? Kwa nini?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.